Nipe Mji

Gari lilizimwa Mbagala saa tano asubuhi, na halikuwaka tena kwa siku tisa.

Halikuwa bovu. Binamu yangu ni dereva wa teksi za mtandaoni hapa Dar es Salaam. Siku hiyo alilizima mwenyewe kwa kubonyeza kitufe, kama afanyavyo kila siku, akashuka kununua maji. Aliporudi akabonyeza tena. Dashibodi ikawaka, mlio ukalia, maandishi ya Kijapani yakapita kwenye kioo kidogo mbele ya usukani. Injini ikanyamaza. Akajipapasa mifuko yote, kisha akakumbuka: ufunguo alikuwa amempa mkewe pale sheli, wakati anahesabu chenji, na mkewe akautia kwenye mkoba. Baada ya hapo alimshusha Kariakoo bila kuzima injini, akaendelea na safari.

Magari ya aina hii injini ikishawaka haizimiki kwa sababu ufunguo umeondoka, kwa kuwa kuizima katikati ya barabara kungeua watu. Gari hulia tu na kuonya. Hili lilimwonya tangu Kariakoo, ila kwa lugha ya huko lilikotoka. Naye alishazoea kutolisikiliza. Kila asubuhi sauti ya mwanamke wa Kijapani humwambia jambo fulani kuhusu kadi ya kulipia barabara za Japani, na kila asubuhi yeye humjibu, "Sawa mama," akaondoka zake.

Akampigia simu mkewe. Mkewe alikuwa analia. Mkoba ulikuwa umechanwa kwa wembe kwenye msongamano wa sokoni. Pesa zimekwenda, kitambulisho kimekwenda, na ufunguo nao umekwenda na mtu ambaye, bila shaka, aliutupa mtaroni alipoona hauna kazi kwake.

Katika ukoo wetu mimi ndiye ninayesadikiwa kujua "mambo ya kompyuta", kwa hiyo nikatumwa kuulizia bei. Duka moja rasmi la magari lilinitajia 1,400,000 na kuniambia nisubiri wiki kadhaa mpaka ufunguo ufike. Fundi mmoja wa mtaa wa Gerezani akasema 650,000, kazi ya siku moja. Wote wawili wakaniuliza swali lilelile: kadi ya gari iko wapi?

"Bila kadi, mdogo wangu, sikufanyii," fundi akaniambia. "Nitajuaje kama hukuliiba?"

Kisha akafungua droo na kunionyesha funguo tupu za plastiki nyeusi, zimepangwa kama sabuni dukani. Moja ilikuwa elfu 80. Nikamuuliza, hizo nyingine zote ni za nini? Akasema, "Kulifanya gari liikubali."

Jibu lile lilinikaa kichwani. Nilianza kusoma kwa hasira, nikitafuta mtu wa kumlaumu, nikajikuta nasoma historia.

*

Kwa maelfu ya miaka ufunguo ulikuwa umbo. Wamisri wa kale walikuwa na vitasa vya mti ambavyo ndani yake vijiti vidogo hudondoka na kuzuia komeo. Ufunguo, nao wa mti, uliviinua vijiti hivyo kwa pamoja, komeo likatoka. Katika karne ya 19 Mmarekani Linus Yale Mdogo alilichukua wazo lilelile akalifinyanga katika chuma. Hati zake za ubunifu za mwaka 1861 na 1865 ndizo zilizotupa kitasa cha pini na ufunguo mdogo bapa tunaoujua mpaka leo.

Siri ya ufunguo wa namna hiyo iko wazi. Ni vilima na mabonde yaliyokatwa kwenye kipande cha shaba, na mwenye jicho zuri na tupa anaweza kuyanakili. Ndiyo maana fundi wa kuchonga funguo hakuhitaji duka. Alihitaji kivuli cha mwembe, meza, jiliwa, na mteja anayeweza kusubiri dakika kumi. Akishakuchongea, hakuna mtu mwingine duniani anayehitaji kuombwa ruhusa. Kitasa hakimjui aliyekitengeneza. Kinajua vilima na mabonde tu.

Gari lilizaliwa bila hata ufunguo huo. Magari ya mwanzo yaliwashwa kwa hendeli: unasimama mbele, unaizungusha kwa nguvu, unaomba Mungu isirudi nyuma kukuvunja mkono. Ford Model T, iliyoanza kuuzwa mwaka 1908, iliwashwa hivyo kwa miaka mingi. Stata ya umeme ya Charles Kettering ilipoingia kwenye Cadillac za mwaka 1912, hendeli ikaanza safari ya kwenda makumbusho, ingawa huku kwetu wazee wengi waliopata kuendesha malori bado wanaweza kukuonyesha kwa mikono jinsi ya kuipiga. Ufunguo ulikuwapo, lakini kazi yake ilikuwa kufungua na kufunga swichi ya umeme. Funguo za swichi za Model T zilikuwa za aina chache, na namba ya kila aina imegongwa juu ya chuma. Ukipoteza wako, unanunua mwingine wenye namba ile. Au unaazima wa jirani.

Ni mwaka 1949 Chrysler walipounganisha mambo mawili, ukawa unageuza ufunguo na injini hiyo hiyo inawaka. Tendo ambalo leo tunaliona la tangu na tangu lina umri mdogo kuliko babu yangu.

Magari yalipokuwa mengi, wezi nao wakawa wengi, na nyaya mbili zikigusanishwa chini ya dashibodi zilitosha. Marekani ikaweka kanuni iliyoanza kutumika mwaka 1970: ufunguo ukitolewa, ama usukani ama mwendo wa gari ujifunge. Lakini hata hapo ufunguo ulibaki umbo, na umbo huchakaa. Mjomba wangu alikuwa na pikapu ambayo kitasa chake kililegea hadi ikawa inawashwa kwa bisibisi. Bisibisi ilikaa kwenye kiti. Alikuwa akisema kwamba gari lake haliibiki kwa kuwa hakuna mwizi atakayeamini.

*

Mabadiliko yalikuja kwa hatua tatu, na kila hatua iliusogeza ufunguo mbali zaidi na tupa ya fundi.

Kwanza, mwaka 1982, Renault Fuego ilikuja na rimoti ya kufungua milango kutoka mbali. Ilikuwa starehe tu; injini bado iliwaka kwa chuma.

Pili, mwaka 1986, General Motors walitia kijirezista kwenye ufunguo wa Corvette. Kilikuwa na viwango 15 vya ukinzani wa umeme. Ukichonga umbo sawasawa lakini ukakosea rezista, gari linagoma kwa dakika kadhaa, na mwizi hana dakika kadhaa. Kwa mara ya kwanza ufunguo ulikuwa na kitu ambacho jicho halikioni.

Tatu ikaja chipu. Hiki ni kitu chenye ukubwa wa punje ya mchele, kimezikwa kwenye plastiki, na hakina betri. Kuzunguka kitasa cha swichi kuna koili ya waya. Ukigeuza ufunguo, koili hutoa mawimbi, mawimbi hayo huiamsha chipu kwa nguvu yake yenyewe, nayo hujibu. Zile za mwanzo zilitaja namba moja tu, ileile kila siku, kama mtoto aliyefundishwa jina lake. Zilizofuata zilikuwa na akili zaidi, na kwa hizi sisi tuliokulia kwa bibi hatuhitaji mwalimu.

Gari linasema: *Kitendawili!*

Ufunguo unasema: *Tega!*

Gari linatega namba iliyobuniwa sekunde hiyo, ambayo haijapata kutegwa na pengine haitategwa tena. Ufunguo unaichukua, unaipitisha kwenye siri ulio nayo, unarudisha jibu. Gari nalo lina siri hiyohiyo, limeshalipata jibu lake pembeni. Majibu yakilingana, injini inawaka. Mtu akisikiliza mazungumzo hayo na kuyarekodi hapati kitu, kwa sababu kesho kitendawili ni kingine. Siri yenyewe haitamkwi kamwe.

Kule Kilwa kwa bibi, mimi na binamu yangu tulikuwa tunategeana jioni baada ya kula. Ukishindwa kutegua, mwenzako anakwambia, "Nipe mji." Unampa mji, anakaa huko, anakula anachotaka, kisha ndiyo anakupa jibu. Binamu yangu alikuwa mwepesi wa kutoa miji. Ametoa Mombasa, ametoa London, ametoa Makka bila aibu. Hatukujua kwamba kuna siku atadaiwa mji wa kweli.

*

Lazima niwe mkweli: chipu ilifanya kazi iliyotumwa. Jumuiya ya Ulaya ilitoa agizo mwaka 1995, na kuanzia 1998 kila gari jipya lililouzwa huko lililazimika kuwa na kifaa cha kuzuia injini isiwake bila ufunguo wake. Wachumi waliochunguza takwimu za Uholanzi walikuta wizi wa magari umepungua kwa kiasi kikubwa kwa sababu ya kifaa hicho, hata baada ya kuhesabu wezi waliohamia kwenye magari ya zamani yasiyokuwa nacho.

Na anayetaka kuona dunia bila chipu aitazame Marekani. Huko hakukuwa na sheria ya kuilazimisha, na magari mengi ya Kia na Hyundai ya miaka ya 2011 hadi 2021 yaliuzwa bila kifaa hicho. Magari ya kampuni hizohizo yaliyouzwa Kanada yalikuwa nacho, kwa kuwa Kanada ilikilazimisha tangu 2007. Kuanzia mwaka 2021 vijana wakaanza kuonyeshana kwa video jinsi ya kuwasha magari hayo kwa bisibisi na ncha ya waya wa USB. Yaliibwa kwa maelfu, watu wakafa katika ajali za magari ya wizi, na mwaka 2023 kampuni hizo zikakubali fidia ya takribani dola milioni 200. Ile bisibisi ya mjomba haikuwa mzaha tena.

Kwa hiyo tatizo si kwamba siri ipo. Tatizo ni nani anayeishika.

Sehemu ya siri hizi ilizaliwa Afrika. Katika miaka ya 1980, kwenye kampuni ya Afrika Kusini iitwayo Nanoteq, mtaalamu Gideon Kuhn alibuni fumbo liitwalo KeeLoq kwa ajili ya rimoti. Kila unapobonyeza, namba inayorushwa inabadilika. Mwaka 1995 kampuni ya Kimarekani ya Microchip ililinunua kwa zaidi ya dola milioni 10, na likaingia kwenye magari na mageti ya nchi nyingi. Inawezekana umewahi kufungua gari kwa hesabu iliyotoka bara hili, kisha ukailipia kama bidhaa ya ng'ambo.

Siri hizo hazikukaa salama milele. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na maabara ya RSA walilivunja fumbo la chipu za Texas Instruments zilizokuwa kwenye mamilioni ya funguo. Mwaka 2008 KeeLoq nayo ikavunjwa na watafiti wa Ulaya. Mwaka 2013 wengine watatu, Roel Verdult, Flavio Garcia na Baris Ege, walitaka kuchapisha udhaifu wa fumbo la Megamos lililotumika kwenye magari mengi ya kifahari. Volkswagen wakaenda Mahakama Kuu jijini London, mahakama ikazuia. Makala yao ilitoka mwaka 2015, na sehemu nyeti imeondolewa.

Nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka fundi wa Gerezani. Kifaa chake cha kusoma chipu, kilichojaa alama za vidole vya grisi, kimetokana na safari ndefu ya watu waliolazimisha siri kutoka. Bila wao, bei pekee ingekuwa ile ya 1,400,000.

*

Sasa ninaweza kumjibu binamu yangu fedha zake zinaenda wapi.

Kama ana ufunguo mmoja mkononi na anataka wa pili, kazi ni nyepesi. Ufunguo unaojulikana humtambulisha mgeni, kama mwenyeji anavyomwingiza ndugu yake nyumbani. Lakini ukipoteza zote, gari halina linayemwamini. Mlango wa kawaida ni namba ya siri iliyotunzwa na mtengenezaji, na mtengenezaji huitoa kwa wakala wake au kwa fundi anayemtambua. Marekani upo utaratibu wa kuwaandikisha mafundi funguo waliochunguzwa ili wapewe namba hizo, na mwaka 2012 wapiga kura wa Massachusetts walipitisha sheria ya haki ya kutengeneza, inayowataka watengenezaji kuwapa gereji huru taarifa wanazowapa mawakala wao.

Gari la binamu yangu liko nje ya mipango hiyo yote. Lilitengenezwa Japani kwa ajili ya Mjapani. Likatumika, likapelekwa mnadani, likapandishwa meli, likashushwa bandarini Dar es Salaam likiwa na ufunguo mmoja. Wa pili ulibaki huko, pengine kwenye droo ya mtu asiyejua kwamba gari lake la zamani linabeba abiria wa Temeke. Hata mawimbi yake ni ya kwao. Rimoti nyingi za magari ya soko la Japani huzungumza kwenye masafa ya karibu na megahezi 315, ilhali za Ulaya huzungumza kwenye 433. Unaweza kununua ufunguo unaofanana na wako kama pacha, na gari lisisikie hata neno moja.

Njia iliyobaki ni ya fundi: kulala chali chini ya dashibodi, kutoa kiboksi kinachotunza siri, kusoma kumbukumbu yake kwa kompyuta, kuandika ufunguo mpya ndani yake na kukirudisha. Akikosea, kiboksi kinakufa na gari linabaki bati. Hiyo ndiyo 650,000: plastiki ya elfu 80, na nyingine ni ujuzi, vifaa, na hatari ya kukosea.

*

Lakini kadi.

Gari lilikuwa la mkataba. Mwenye gari ni mzee mstaafu wa Tabata. Binamu yangu anampa hesabu ya 25,000 kwa siku, mafuta na matengenezo juu yake, na mkataba ukiisha gari linakuwa lake. Ilikuwa imebaki miezi saba. Kadi anayo mzee, na mzee hakutaka kuitoa.

"Leo unataka kadi," akasema kwenye simu, "kesho nasikia gari liko Tunduma."

Binamu yangu hakumjibu vibaya. Alisema, "Shikamoo mzee, nimekuelewa," akakata simu, akaketi. Kwa muda wa siku sita alilala ndani ya gari pale Mbagala, kiti kimelazwa, kwa sababu hakuwa na namna ya kulifunga kwa nje. Mkewe alikuwa akimletea chakula na hawazungumzi sana. Mtu aliyelipia gari kwa zaidi ya mwaka mzima hakuwa na umbo, hakuwa na siri, hakuwa na karatasi. Alichokuwa nacho ni jasho lililonuka kwenye kiti, na hilo hakuna kompyuta inayolisoma.

Siku ya nane mzee alikuja mwenyewe na kadi ndani ya mfuko wa nailoni. Alilizunguka gari mara mbili, akaona mto na shuka kwenye kiti cha nyuma, akamtazama binamu yangu. Hakusema kitu. Kesho yake alirudi tena, tukamwita fundi. Kazi ilichukua saa tatu. Mzee aliagiza ufunguo wa pili utengenezwe palepale, na kwa kuwa wa kwanza ulikuwa umeshakubaliwa, huo ulichukua dakika kumi na kugharimu 120,000 tu.

Nilipiga hesabu nyuma ya risiti. Ufunguo 650,000, wa pili 120,000, na hesabu ya siku tisa, ambayo mzee hakuisamehe, 225,000. Jumla 995,000: kazi ya karibu siku 40, imeongezwa kwenye mkataba kwa kalamu ya bluu, pande zote zimesaini.

Funguo mbili zilikuwa juu ya boneti, zimelala pamoja. Mzee akachukua moja, akaitia kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kadi, akafunga fundo. Kisha akatoa mkono.

"Twende kazi, kijana."

"Marahaba," binamu yangu akajibu kwa kuchanganyikiwa, sote tukacheka, hata mzee.

Alipoondoka nikamwambia, "Umetoa mji."

"Nimetoa mji," akasema. "Na jibu lenyewe amenipa nusu."

Akauvaa ufunguo shingoni kwa kamba ya kiatu, kama mtoto anayerudi kutoka shule na kukuta nyumbani hakuna mtu. Akaingia, akabonyeza kitufe. Injini ikawaka. Sauti ya yule mwanamke ikasema maneno yake kuhusu kadi ya barabara za Japani, na safari hii binamu yangu aliinamisha kichwa akamsikiliza mpaka mwisho.